Jawabu Tulitakalo na Jawabu Tulilopewa

Katika lugha yetu neno kujaribu limezaa watoto wawili. Wa kwanza ni majaribu, ambayo twamwomba Mungu kila siku atuepushe nayo. Wa pili ni majaribio, ambayo waalimu huyafanya shuleni kwa bilauri na taa na kipima-joto. Kwa kuwa watoto hawa wamenyonya ziwa moja, wako Wakristo wengi wanaowachanganya, nao huingiwa na shaka wakisikia kwamba mtu amelijaribu neno badala ya kuliamini. Husema, "Je, huku si kukosa imani, na tena kukosa adabu? Wazee wametuambia, mwalimu ametuambia, kitabu kimeandikwa. Wewe ni nani hata upime tena?" Swali hili si la kupuuzwa, wala aulizaye si mjinga, maana imani na adabu ni nguzo za nyumba zetu. Twapenda kulichunguza, tena kwa kuitazama habari moja ya kweli, kwa kuwa maneno matupu juu ya elimu hayamshibishi mtu.

Habari yenyewe ni ya kijana na maziwa yake. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ingali ikiitwa Tanganyika, Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto. Wanafunzi wa huko walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu yagande. Walakini nafasi katika jokofu ilikuwa chache na wanafunzi walikuwa wengi, basi ikawa kazi ya kukimbiliana. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, na mwenzake alipomwona akaogopa kuachwa nyuma. Akachanganya maziwa mabichi na sukari, akayamimina katika chombo pasipo kuyachemsha, akayaweka. Mpemba naye akaona kwamba akingoja yake yapoe, nafasi ya mwisho itampotea. Akakata shauri kuyaweka yangali ya moto, ingawa alijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Hapa yatupasa kwenda pole pole, na kuuliza: kijana huyu aliona nini hasa? Ni rahisi kujibu kwamba aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko ya baridi. Lakini sivyo. Aliona vyombo viwili, kimoja kimeganda na kimoja hakijaganda. Hayo tu ndiyo aliyoambiwa na macho yake. Mengine yote ni tafsiri. Maziwa yake yalikuwa ya moto, ni kweli, lakini tena yalikuwa yamechemshwa, na ya mwenzake yalikuwa mabichi. Huenda kuchemka ndiko kulikoyageuza, wala si ule moto waliokuwa nao walipoingia katika jokofu. Tena maziwa yakichemka hupungua, na kitu kidogo huganda kabla ya kikubwa. Tena ndani ya jokofu pana mahali penye baridi kali na mahali penye baridi hafifu, na vyombo viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Basi jambo moja lililoonekana laweza kusomwa kwa njia nne, na zote nne zapatana na yale yaliyoonekana.

Mkulima alielewa neno hili kabla ya mtu wa shule. Akipanda mbegu mpya ya mahindi nyuma ya zizi, na mbegu ya zamani kule kilimani, kisha ile mpya ikazaa zaidi, hataisifu mbegu kabla ya kuikumbuka samadi.

Hatusemi haya ili kumpunguzia Mpemba sifa. Alifanya lile ambalo wengi wetu hatulifanyi: hakulisahau jambo. Wengine wangalikula aiskrimu yao, wakashukuru, ikawa basi. Yeye alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye akamkuta rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza mjini Tanga, naye akamwambia kwamba huiweka ingali ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Ndivyo alivyofundishwa na ndugu yake. Tazameni ajabu hii: jambo lililokuwa haliwezekani darasani, mjini watu walikuwa wakilipatia riziki yao.

Alipofaulu katika mtihani alikwenda Iringa, katika shule ya Mkwawa. Huko, walipofundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu wote. Tangu siku ile, kila alipokosea hesabu, wenzake walisema kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hata siku moja akakuta chumba cha majaribio cha elimu ya viumbe ki wazi, na mwalimu hayupo. Akatwaa bilauri mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba, na ya pili maji yaliyochemka, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja maji hayakuwa yameganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bilauri iliyoanza na maji ya moto. Angalieni jinsi alivyokwisha kusonga mbele. Safari hii vyombo vilikuwa sawa, tena hapakuwa na maziwa wala sukari ya kutatanisha mambo. Bado maji ya upande mmoja yalikuwa yamechemshwa na ya upande wa pili hayakuchemshwa. Lakini zile njia nne za kusoma zilikuwa zimeanza kupungua.

Kisha Dokta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Wakaruhusiwa kuuliza maswali. Mpemba akasimama, akauliza kwamba mtu akitwaa vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji kiasi kimoja, haya yakiwa na joto la nyuzi 35 na haya nyuzi 100, akaviweka pamoja katika jokofu, yale ya nyuzi 100 huganda kwanza. Je, ni kwa sababu gani? Wenzake wakamcheka, wakaona amewatia aibu mbele ya mgeni. Osborne akamwuliza kama amelifanya jambo hilo kweli. Akajibu kwamba amelifanya. Basi mgeni akasema kwamba sababu yake haijui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Sasa twaweza kuanza kulijibu lile swali la kwanza. Watu hudhani kwamba katika habari hii mwalimu mmoja hakuamini, na mwingine aliamini, na yule aliyeamini ndiye mwema. Sivyo ilivyokuwa. Osborne naye hakuamini. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Wala hatuwezi kuwalaumu kwa kutoamini, maana kanuni waliyoijua ilikuwa imepimwa na watu wengi kwa muda mrefu, na mtu mwenye busara haiachi kwa neno la mtoto mmoja. Waalimu wote walikuwa na shaka ile ile. Tofauti yao ni kwamba shaka ya mmoja haikumgharimu kitu. Alicheka, darasa likacheka pamoja naye, somo likaendelea. Shaka ya wa pili ilimgharimu ahadi, na maji, na jokofu, na siku za kazi.

Kwa hiyo twasema kwamba kulijaribu neno la mtu si kumvunjia heshima. Wako wawili wanaomvunjia heshima: mmoja ni yule alikataaye neno pasipo kulipima, na wa pili ni yule alikubaliye pasipo kulipima ili asimchukize, kama vile mtu anavyomkubalia mtoto kwamba mwezi wamfuata njiani. Aliye heshimiwa kweli ni yule ambaye neno lake limeonekana kuwa zito kiasi cha kutolewa mizani. Hata katika baraza la wazee, shahidi anayeulizwa maswali mengi ndiye anayehesabiwa kuwa shahidi. Asiyeulizwa neno amekwisha kupuuzwa.

Osborne aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi ile fundi wa chumba cha majaribio. Fundi akafanya, akaleta habari kwamba maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Kisha akaongeza neno moja, nalo ni neno ambalo kwa ajili yake tumeiandika makala hii. Alisema kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka walipate jawabu lililo sawa.

Msomaji akicheka, na acheke, lakini asicheke sana, maana neno hilo twalisema sote. Tena nusu yake ni neno jema. Kurudia ni jambo la lazima katika elimu hii. Mara moja si kitu. Mkono hutetemeka, bilauri huwa na ufa, mlango wa jokofu huachwa wazi. Anayejaribu mara moja na kutangaza ni kama mtu aliyekwenda sokoni siku moja, akakuta bei ya samaki imepanda, akaandika barua nyumbani kwamba samaki wote wa pwani wamekwisha. Basi fundi alifanya vema kutaka kurudia. Ubaya haumo katika kurudia, umo katika mahali pa kuacha. Na tumwulize hivi: kama mara ya kwanza maji ya baridi ndiyo yangalitangulia, je, angalirudia? Twadhani asingalirudia. Angaliandika katika daftari, akaosha bilauri zake, akaenda nyumbani. Basi alikuwa tayari kuacha mahali pamoja tu, pale penye jawabu alilokuwa nalo moyoni kabla ya kuyatia maji katika jokofu. Mtu afanyaye hivyo, hata akirudia mara mia, hajajaribu hata mara moja. Amengoja tu.

Katika Maandiko yuko mfalme aliyefanya vivyo hivyo, naye ni Balaki wa Moabu. Alimwajiri Balaamu awalaani Israeli. Akamjengea madhabahu saba juu ya mlima, akatoa ng'ombe na kondoo waume, na jawabu likatoka kuwa baraka. Je, Balaki alikubali? La. Alimpeleka mlima wa pili, madhabahu saba nyingine, ng'ombe wengine. Jawabu lile lile. Akampeleka mlima wa tatu. Tunaposoma habari hii makanisani twazoea kumtazama Balaamu na punda wake, na Balaki twampita upesi. Lakini yeye ndiye anayetufanana zaidi. Alikuwa akirudia mpaka apate jawabu lililo sawa. Tena angalieni ujanja wake katika mlima wa pili: alipachagua mahali ambapo Balaamu ataona sehemu ya watu tu, asiwaone wote. Huu ndio udanganyifu mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mtu akishindwa kulibadili jawabu, hulibadili dirisha la kutazamia.

Na Gideoni je? Yeye naye alijaribu mara mbili, na wahubiri wengine humlaumu. Shauri hilo twawaachia wao. Sisi twatazama jinsi alivyofanya. Alitandika ngozi ya kondoo uwanjani usiku, akaomba asubuhi ngozi iwe na umande na nchi iwe kavu. Ikawa hivyo, hata akakamua maji bakuli tele. Walakini mtu mwenye akili angaliweza kusema kwamba sufu hunywa umande siku zote, na nchi hukauka upesi kuliko sufu. Basi usiku wa pili akaomba kinyume: ngozi iwe kavu na nchi iwe na umande. Huku si kurudia kwa Balaki. Balaki alirudia kwa sababu jawabu halikumpendeza. Gideoni alirudia ingawa jawabu lilimpendeza, ili aondoe sababu nyingine iliyoweza kulileta. Tena mara zote mbili alitaja kabla ya kulala ni jambo gani litakalomthibitishia. Asubuhi ilipofika hakuwa na nafasi ya kugeuza maneno.

Mtu atatuambia kwamba tumejikwaa wenyewe, kwa kuwa imeamriwa tusimjaribu Mungu. Twajibu kwamba ndivyo, na ndiyo maana hatutumii ngozi. Mtu wa elimu hamwekei Mungu masharti. Anachokijaribu ni usemi wa wanadamu juu ya vitu alivyoviumba Mungu, na wanadamu wamekosea mara nyingi. Maji hayakuahidi kuganda kwa namna tunayoisema sisi. Tukiyauliza, twajaribu ulimi wetu. Na asiyetaka ulimi wake ujaribiwe, akauita huo uchaji wa Mungu, ajiangalie asije akawa anajiweka yeye mwenyewe katika kiti kisicho chake.

Labda wengine wataona kwamba haya ni mambo ya waalimu na majokofu, hayamhusu mtu wa kijijini. Yamhusu sana, hasa nyumba ikiwa na mgonjwa. Mtu huleta majani, au chupa aliyoinunua sokoni, husema kwamba ni dawa ya homa, na wote walioinywa wamepona. Huwataja kwa majina: fulani amepona, na fulani, na mama wa fulani. Hasemi uongo, wamepona kweli. Lakini ametuweka juu ya mlima wa pili wa Balaki, tunaona sehemu tu. Wako wapi walioinywa wasipone? Hao hawakurudi kutoa shukrani, na wengine hawawezi tena kusema. Na wako wapi wasioinywa, wakapona vilevile? Maana homa nyingi huja na kuondoka zenyewe, na dawa yoyote itakayonyweka siku ya tatu itapewa sifa ya siku ya nne. Pasipo kuwahesabu watu wa makundi hayo mawili, majina yote yaliyotajwa hayapimi kitu, hata yakijaza daftari. Twajua kwamba ni vigumu kumwuliza jirani mambo haya usiku mtoto akiwaka moto mikononi mwa mama yake. Ndiyo sababu yafaa yaulizwe mapema, mchana, watu wakiwa wazima, na mtoto apelekwe zahanati apimwe damu, kwa kuwa malaria haingoji tumalize kubishana.

Turudi kwa maji. Osborne hakungoja jawabu la kumpendeza. Yeye na Mpemba waliandika makala pamoja, ikachapishwa mwaka 1969 katika gazeti la waalimu wa fizikia huko Uingereza. Mpemba aliandika sehemu ya kwanza kwa maneno yake mwenyewe, maziwa na vicheko na vyote. Osborne aliandika ya pili, akaeleza walivyofanya: maji sentimita za ujazo 70 katika bilauri za sentimita 100, nazo zimewekwa juu ya kipande cha povu gumu ili baridi isipenye kwa chini, na muda ukahesabiwa mpaka barafu ilipoanza kutokea. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi yalichelewa kuliko yale yaliyoanza na nyuzi 90. Ndipo wakaanza kuziuliza sababu moja moja, kama Gideoni. Je, ni kwa kuwa maji ya moto hutoa mvuke yakapungua? Wakapima upungufu, wakaona ni mdogo, hautoshi kuwa sababu. Je, joto latokea wapi? Wakatandaza mafuta membamba juu ya maji, na maji yakakawia mno kuganda. Basi wakajua kwamba joto lilikuwa likitoka zaidi kwa juu. Kila mara walibadili kitu kimoja tu, mengine wakayaacha kama yalivyokuwa, maana ukibadili mawili pamoja hujui ni lipi la kulishukuru.

Ilikuja kuonekana pia kwamba jambo hili lilikuwa la kale sana. Aristotle alilitaja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Francis Bacon na Descartes wakalitaja tena katika karne ya 17. Katika mwaka ule ule wa 1969 mtaalamu mmoja wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala juu yake pasipo kujua habari za Magamba. Walakini watu wengi waliolijaribu baadaye walipata majibu yasiyopatana, na sababu moja ni neno lenyewe kuganda. Je, maji yameganda lini? Ni pale utando wa kwanza unapotokea juu, au pale donge zima linapokuwa jiwe? Au ni pale kipima-joto kinaposoma sifuri? Hizi ni saa tatu mbalimbali, tena maji yaweza kushuka chini ya sifuri yakakaa kitambo yasigande. Watu wawili waweza kubishana mwaka mzima, kila mmoja akisema kweli, kwa sababu hawakupatana kwanza juu ya maana ya neno moja. Jambo hili twaliona hata katika mabaraza ya mirathi.

Sasa twafika penye ugumu, nasi hatutaki kuuruka. Jina la Mpemba limekuwa kubwa. Katika vitabu vya ulimwengu mzima jambo hili laitwa kwa jina lake, na sisi wa Afrika ya Mashariki twafurahi, tena twafurahi kwa haki, kwa kuwa mwanafunzi aliyechekwa alisimama akauliza. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, walitoa makala juu ya kupoa kwa maji. Walipima kwa uangalifu muda unaopita mpaka maji yafike sifuri, wakasema kwamba hawakuona dalili ya kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Waliona tena kwamba kipima-joto kikiwekwa juu au chini kwa tofauti ya sentimita moja tu, chaweza kumfanya mtu adhani kwamba ameliona jambo hilo, na kumbe halipo.

Je, tutafanyaje na habari hii? Twaweza kusema kwamba ni wivu wa Wazungu, tukafunga kitabu. Twaweza kusema kwamba wao walipima kupoa mpaka sifuri, hawakupima kuganda kwenyewe. Na neno hili ni kweli, tena wataalamu wengine wamelisema, na ni haki kulisema. Twaweza kutaja kwamba mwaka 2020 huko Kanada wataalamu wawili, Kumar na Bechhoefer, walionyesha jambo la namna hiyo katika kitu kingine kabisa, chembe ndogo sana inayoelea ndani ya maji. Hilo nalo ni kweli. Lakini kabla ya kulitaja lolote, mtu ajiulize kwa siri kama angalizitafuta hoja hizi iwapo jawabu la 2016 lingalimpendeza. Kama asingalizitafuta, basi amesimama pale alipokuwa amesimama yule fundi wa Dar es Salaam, ila ametazama upande wa pili. Fundi aliipenda kanuni ya zamani. Sisi twalipenda jina la ndugu yetu. Mapenzi yote mawili ni mazuri, wala hakuna hata moja linaloyagandisha maji.

Mpemba mwenyewe hakudai zaidi ya alilolipata. Aliona, akauliza, akajaribu, akauliza tena. Akaenda kusoma mambo ya wanyama pori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na hiyo ikawa kazi yake. Heshima yake haitegemei maji yatakavyojibu. Hata ikionekana siku moja, kwa vipimo vya watu wengi, kwamba maji ya moto hayatangulii kamwe, bado ni kweli kwamba siku ile huko Magamba chombo kimoja kilikuwa kimeganda na kimoja hakijaganda, naye aliyasema aliyoyaona mbele ya darasa lililokuwa likicheka.

Na Osborne, alipoimaliza sehemu yake mwaka ule wa 1969, hakuandika kwamba shauri limekwisha. Aliandika kwamba majaribio yao yalikuwa hafifu, kwamba mambo mengi yaweza kugeuza mwendo wa kupoa, na kwamba yatakiwa majaribio mengine yaliyo bora kuliko hayo ili jawabu la hakika lipatikane.